Kidole Ukutani

...na hakitoki, hakiendi mbele wala hakirudi nyuma, kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mkono wa kusainia, kimenasa ndani ya tundu la ukuta kama kizibo kwenye shingo ya chupa, na Krum ameshainua kiganja na kutangaza kwa ile sauti yake ya padri, "Kimya, narekodi, dakika tatu, na safari hii asipumue mtu," kwa hiyo siwezi kukivuta, nikikivuta kitalia kama... kama kizibo, nimeshasema kizibo, na Krum ataanza upya, na hii ni mara ya tatu, mara ya kwanza ilikuwa pua yangu, "Dobri, pua yako inapiga filimbi, pumua kwa mdomo kama binadamu," mara ya pili simu, simu yangu mimi, mimi niliyewakumbusha wenzangu wazime simu, ikalia muziki wa harusi, zumari na ngoma, jengo zima likacheza, Nevena, mtunza funguo za jengo, pale mlangoni hakucheka, alinitazama tu kama mtu anavyomtazama mbwa aliyejisaidia kwenye zulia la jirani, na sasa hiki, mtu mzima ovyo, miaka hamsini na sita, mvi mpaka kifuani, nimejenga Roma mara tatu kwa mbao na plasta, nimeichoma London moto kwa idhini ya zimamoto, nimeletewa ngamia kwa risiti, halafu nakuja kunaswa na ukuta Pernik, ukuta usiotembea, ulionisubiri tu mpaka nijilete mwenyewe... nimeegemea, hivi, bega ukutani, mguu mmoja mbele ya mwingine, kama mtu anayesubiri basi, koti limefunika mkono mpaka kwenye kifundo, kwa mbali naonekana mtu mwenye mawazo ya kisanii, kwa karibu jasho linanitiririka kwenye mfereji wa mgongo na kuingia kusikosemeka, na Krum kule katikati ya sakafu tupu, kitambi kama pipa la kabichi, hedifoni masikioni, amefumba macho, anasikiliza jengo, maana studio haikodiwi kwa macho, macho yanadanganywa na rangi mpya, unakuja, unazima kila kitu, mnasimama kama miti, fundi sauti anasikiliza kama paa linalia, kama bomba linakohoa, kama treni ya makaa inapita nyuma, asiporidhika hakuna mkataba, akiridhika unasaini, na kalamu ninayo mfukoni, mfuko wa kulia, sawa kabisa... tulia, Dobri, dakika tatu ni nini, mimi nimewahi kukaa siku nne uwanja wa ndege wa Tbilisi nikiwa na mti wa plastiki wa mita mbili, nikawa namwita mke wangu, dakika tatu nitazimaliza kwa kuhesabu tu taa za kule juu, hapana, juu sitazami, tangu nimeingia sijatazama juu, nimetazama sakafu, milango, choo, nimepima upana kwa hatua kama kuku, Nevena akaniuliza, "Na urefu wa kwenda juu hupimi?" nikasema nauamini, akasema, "Ulikuwa huamini hata mizani ya dukani," na hapo nikacheka kicheko changu kile cha kukodi, naye hakucheka, Nevena hacheki bure, watu wa Pernik hawacheki bure, ukiwachekesha sana wanakuuliza una shida gani, na shida yangu mimi ni nini, shida yangu iko ndani ya tundu hili, kama bado ipo, kitu laini, kwenye ncha ya kidole, nakigusa, nakigusa sasa hivi, laini kama... sufu, ni sufu, Mungu wangu, bado ipo, miaka kumi na tisa. Niliwadanganya, wenye filamu, niliwaambia studio zote za mji wa Sofia zimeshikwa mpaka Agosti, uongo, zipo tatu, zina joto, zina choo kisichogoma, zina kahawa inayotoka kwenye mashine yenyewe bila kupigwa teke, lakini wanataka kujenga nyumba ya ghorofa tatu ndani kwa ndani, mita kumi na nne mpaka kwenye vyuma, nikawaambia ni Pernik tu, wakauliza Pernik ni wapi, nikasema ni dakika arobaini, ni mji wa makaa ya mawe na watu wapole, uongo wa pili, na wa tatu nimemdanganya Krum kwamba nilikuja hapa mara ya mwisho kwa sababu za kazi, wakati mara ya mwisho nilikuja kubeba jeneza na Krum mwenyewe alikuwa upande wa pili wa jeneza hilohilo, kwa hiyo Krum anajua, Krum anajua na amenyamaza, kazi yake kunyamaza, analipwa kwa saa... na mwenye jengo ameshaliuza, vuli linabomolewa, litajengwa duka la samani, vitanda na makabati, nililisoma hilo gazetini kwa kinyozi, nikainuka na sabuni nusu uso, kinyozi akasema, "Bwana, upande mmoja tu?" nikasema, "Upande mmoja unatosha," kwa sababu nilikuwa nimefikiri jambo moja tu, ukuta ukienda, anayeulinda ukuta anaenda wapi, nani atamwambia, nani atamwonyesha njia ya kushuka, Stamen, Stamen wangu, umeuziwa vitanda juu ya kichwa. Dobri, usilie, machozi yana sauti, Krum anasikia mpaka kope. Ilikuwa tarehe mosi Machi, wiki kama hii, kila mtu ana uzi wa heri mkononi, desturi yetu ya Machi, mwekundu na mweupe, mtoto, waziri, mbuzi, na leo mlangoni Nevena kaniambia, "Leta mkono," akanifunga na mimi, nikashtuka kama nimetiwa pingu, "Umekonda," akasema, nikasema, "Shemeji, nimenenepa, mkanda huu shahidi," akasema, "Usoni umekonda," akakaza fundo, na mlangoni nyuma yake ile karatasi, sikutaka kuiona lakini karatasi ya marehemu haiombi ruhusa, picha ya Stamen na masharubu yake ya kuazima, Miaka kumi na minane bila wewe, mke wako Nevena, ya mwaka jana hiyo, mvua imeifuta wino upande mmoja, ana nusu ya sharubu, mwezi ujao atabandika ya kumi na tisa juu yake, kila mwaka juu ya nyingine, mlango umekuwa mnene kwa Stamen, ukiubandua karatasi moja moja utamkuta anazidi kuwa mtu wa juzi... siku ile, mosi Machi, tulikuwa tunajenga daraja, hapa, katikati pale alipo Krum, daraja la mawe ya plasta kwa filamu ya maharamia wa milimani, na daraja likabomoka, tukajenga, likabomoka, la tatu likapasuka kabla ya chakula cha mchana, na maseremala, watu wa milimani kweli wale, si wa filamu, wakaanza kunong'ona kwamba linataka kivuli, kama walivyofanya babu zao, unampima mtu kivuli chake kwa uzi, uzi unautia ukutani, jengo linasimama, na mwenye kivuli haimalizi siku ya arobaini, anakufa na kuwa mlinzi wa jengo, wananong'ona na kutema mate, na nani akainuka, nani akapanda juu ya kreti la bia mbele ya watu arobaini, nani ambaye hawezi kuona watu wamenuna bila kuvua suruali, mimi, "Leteni uzi," nikasema, "leteni uzi, tumalize, saa tisa nataka kwenda nyumbani," nikaenda kwenye kikapu cha Nevena, Nevena alikuwa fundi wa mavazi, alikuwa kule nyuma anapiga pasi makoti ya maharamia, kikapu kimejaa sufu nyekundu, nikachomoa kipande kirefu, nani atapimwa, wote wakarudi nyuma, wanaume wazima, mmoja alijificha nyuma ya farasi, na Stamen akashuka ngazi, ngazi hii, chuma hiki kinachonigusa kiunoni, fundi taa wetu, akanyoosha mikono chini ya taa aliyoitundika mwenyewe, akasema, "Nipime mimi, na nipime sawasawa, usinipunguze, nimepunguzwa vya kutosha na mke wangu," watu wakacheka, kivuli chake kilikuwa kirefu kweli kwa ile taa, kikatambaa sakafuni, kikafika ukutani, kikapanda, kichwa kikatua hapa, hapahapa, kwenye tundu la waya wa zamani, nikapiga magoti na uzi wangu, kutoka soli mpaka utosi, nikiimba kama shemasi, nikaukata kwa meno, nikausokomeza ndani kwa kidole, kidole hikihiki, siku hizo kilikuwa chembamba, nikaziba kwa ubani niliokuwa nautafuna, nikampa mkono, "Umeajiriwa," nikamwambia, "mlinzi wa milele, mshahara hakuna," akasema, "Afadhali, sasa sina haja ya kupanda zile ngazi," na saa tisa nikaenda nyumbani. Daraja halikubomoka tena. Hilo ndilo ambalo sijawahi kumchekesha mtu nalo, na mimi nimewachekesha watu kwa talaka zangu zote mbili, kwa goti langu, kwa kibofu, lakini daraja lile la plasta lilisimama, farasi kumi na wawili wakapita juu yake, mwisho wa filamu tulipotaka kulivunja tukashindwa kwa nyundo, tukaleta katapila, na wakati huo Stamen alikuwa ameshazikwa... siku ya thelathini na nane, nimehesabu kwa kalenda ya benki, kwa kalenda ya kanisa, kwa vidole, tarehe nane Aprili, siku ya thelathini na nane, na niliposema kwa mwanamke mmoja Malta akaniambia, "Basi si arobaini, tulia," lakini wazee hawakusema siku ya arobaini, walisema haimalizi, haimalizi, ndivyo walivyosema, yule mwanamke alikuwa mwalimu wa hesabu, hakunisaidia... Krum ananyoosha kidole kimoja juu, dakika moja, dakika moja tu imepita, haiwezekani, saa ya Krum imelewa, na Nevena amekunja mikono mlangoni, ananitazama, si usoni, ananitazama begani, hapana, chini ya bega, kiwiko, anatazama kiwiko, geuka kidogo, polepole, sogeza koti, hivyo, sasa naonekana mtu mwenye mawazo ya kisanii na maumivu ya nyonga. Sikiliza tu. Si ndiyo kazi tuliyokuja kufanya, sikiliza, hakuna kitu, upepo kidogo kwenye bati, hakuna tena, juu hakuna mlio, chuma hakilii, hakuna hatua... na hivyo ndivyo alivyokuwa akisikika, hilo ndilo Krum hawezi kulinasa kwenye mashine yake, Stamen alitembea kule juu kwa slipa za kufuma, alizofumiwa na Nevena, ili asisikike tukiwa tunarekodi, watu wengine wote wa taa walivaa mabuti na kulaaniwa na mafundi sauti, Stamen alipita juu ya vichwa vyetu kama paka wa kanisa, unatazama juu na taa imegeuka, rangi imebadilika, hukusikia kitu, kwa hiyo nikisikia kitu si yeye, na nisiposikia kitu... sasa hivi sisikii kitu, iko juu yangu hasa hiyo isiyosikika, ilikuwa kwa Krum, imekuja mpaka kwenye ngazi, imesimama. Stamen. Ni wewe? Usijibu, Krum anarekodi. Siku ile hukujibu pia, hata kuanguka ulianguka kwa adabu ya kazi, katikati ya tukio, yule mwigizaji analia machozi yake ya kitunguu, ukashuka mita kumi na nne bila kupiga ukelele, usiharibu sauti, na sisi chini tukasikia kishindo kimoja tu, nikadhani ni gunia la mchanga, nikapaza sauti, mimi, maneno ya kwanza uliyosindikizwa nayo duniani, nikapaza sauti, "Nani punguani kaangusha gunia?" na watu wakacheka, Stamen, walicheka kidogo, sekunde moja... Krum alikuwa na hedifoni vilevile, alizivua polepole, akaziweka mezani kama mtu anayeweka yai, sijawahi kumuuliza alisikia nini, naye hajasema, mara moja tu, Belgrade, na vikombe vingi mezani, akasema, "Pumzi, Dobri, ilikuwa pumzi moja tu, kama mtu aliyekumbuka kitu," kisha akaomba supu. Polisi wakaandika, mkanda wa usalama umekutwa umetundikwa kwenye chuma, haukufungwa, wakaniuliza ni kweli, nikasema kweli, kweli, tia sahihi hapa, nikatia, mkono huu, polisi wanajua nini kuhusu uzi, mkanda alikuwa hafungi tangu dunia iumbwe, kila asubuhi Nevena anampigia kelele kutoka chini, "Stamen, funga mkanda!" naye anajibu, "Nafunga kesho!" miaka kumi hivyo, ulikuwa wimbo wao, miaka kumi hakufunga na hakuanguka, mwaka niliompima akaanguka, sasa niambie ni mkanda. Na mimi ndiye niliyewasimamia harusi, mimi ndiye niliyewavika taji kanisani na kuwachochea wakanyagane miguu, maana atakayemkanyaga mwenzake kwanza ndiye atakayetawala nyumba, na kwenye chakula cha mazishi, ngano tamu ndani ya bakuli, watu wamenyamaza, nikashindwa, nikasema Stamen amepata kazi ya taa juu zaidi, wakacheka, Nevena mwenyewe akacheka, kidogo, kwa mara ya mwisho naamini, nikatoka nje nikatapika kwenye waridi za mama yake... halafu nikakimbia, niite jina lolote lingine, safari, uzoefu, ni kukimbia, nikachukua kazi Moroko kwa sababu saa sita kule kivuli kinajificha chini ya viatu, huwezi kupimwa, nikakaa miaka mitatu, jioni najifungia ndani, Hispania, Malta, Jojia, kila seti nikiona fundi taa anapanda namuuliza, "Umefunga mkanda?" wananiita Bibi, huko Almeria nilikuwa Bibi kwa wafanyakazi mia mbili, na kwa Nevena nikatuma vifurushi, tende, mafuta ya zeituni, zafarani, mwenyewe sikuja, kama balozi mwoga, miaka kumi na tisa natuma zafarani kwa mwanamke anayepika maharage, hajawahi kuniandikia asante, mara moja tu alituma kadi, Zafarani inatosha. Vidole viwili, Krum ameonyesha vidole viwili, dakika mbili, imebaki moja, na kidole kimeanza kupiga, dum, dum, kimevimba, hakitatoka hata kwa mafuta ya Hispania, na ile laini ndani, imesogea... imesogea, naapa, nimeigusa ikarudi nyuma, halafu ikarudi tena, kama kitu kinachopumua, ina joto, sufu ya ukutani mwezi wa Machi ina joto gani, Stamen, ni kichwa chako hicho, nimekitia kidole utosini, samahani, nimekuja kukutoa, mpango wangu ni huu, nilipanga kwa siku tano, nautoa uzi, naweka mfukoni, nasaini mkataba, natoka nje, nauchoma nyuma pale kwenye reli, wewe unashuka, unaenda zako mahali watu wanapokwenda, na mimi narudi Sofia na kulala usiku mzima kama mtoto wa tajiri, mpango mzuri, haukuwa na kidole hiki ndani yake, lakini mzuri, basi achia, achia kidogo, unavuta wewe au navuta mimi... na kwa nini sivuti. Hebu. Kwa nini sivuti kwa nguvu. Krum acha aanze upya, mara ya nne, mara ya tano, ananitukana mpaka kwa babu yangu kila siku, sijafa, mvuto mmoja tu wa nguvu, ngozi ibaki ukutani, uzi utoke, na mimi nimesimama hapa dakika mbili nzima kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, kwa nini, kwa sababu... kwa sababu ukitoka uzi nitauona, utakuwa kipande cha sufu, kidogo, kimeliwa na nondo, na Stamen hatakuwa kwenye ncha yake, ndiyo hiyo, ndiyo hiyo, Dobri, kumbe, miaka kumi na tisa sikuogopa kwamba uzi upo, niliogopa kwamba haupo, kwa maana kama upo nilimuua lakini yupo, yuko kule juu anatembea na slipa zake, anageuza taa, anasikiliza vichekesho vyangu vibaya, nina mtu wa kumwomba msamaha, nilikuwa naye Moroko, nilikuwa naye Malta, nani mwingine alikaa na mimi muda wote huo, wake zangu hawakufika hata nusu, na kama haupo, basi sikumuua, hongera, kunywa, cheka, lakini yeye hayupo popote, ni nusu sharubu mlangoni, na mimi nimekuwa naongea na vyuma... kwa hiyo sikuja kukutoa, Stamen, nilikuja kuangalia kama bado nimekushika, mwizi ni mimi, mlinzi ni mimi, niliyetiwa ukutani ni nani, hebu nitazame kidole, mtu mzima ovyo... anakuja. Nevena anakuja. Katoka mlangoni, anavuka sakafu, mita thelathini za saruji tupu, na haisikiki hatua hata moja, Krum amefumba macho hajui, anapita ubavuni kwa Krum kama moshi, na mimi natazama miguu yake kwa sababu sithubutu kutazama pengine, slipa za kufuma, nyekundu, zilezile, hapana si zilezile, zilezile zilizikwa, za aina ileile, anakuja kwa mwendo uleule, na hivyo ndivyo alivyojisikia yule aliyekuwa chini kila mara Stamen alipopita, ubaridi kidogo kwenye kisogo, amefika, amesimama, ananukia pasi na vitunguu, anainua koti langu kwa vidole viwili, kama anavyoinua pazia kuangalia vumbi, anatazama mkono wangu, kifundo, uzi alionifunga, halafu pale kidole kinapokwisha na ukuta kuanza, na nusu dakika bado imebaki, nusu dakika tu, namtolea macho, nyamaza, shemeji, nakuomba, na yeye anasema, kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuulizia chumvi, "Humo mna pamba." Krum anaruka futi moja, "Shemeji, narekodi!" "Rekodi," anasema bila kugeuka. "Ni pamba, Dobri. Nilizibia panya. Pengine panya wenyewe wamo." Na mimi nasema, au nadhani nimesema, "Uzi," basi, uzi tu, sentensi nzima ya miaka kumi na tisa, na yeye anasema, "Uzi niliutoa kesho yake. Maseremala wana siri gani? Sufu yangu nzuri, niiache ukutani iliwe?" "Ukaupeleka wapi?" "Nikamalizia kisigino," anasema, "cha slipa zake," na hapo moyo wangu, jamani, moyo unashuka ngazi zote za chuma kwa mara moja, kisigino, alikuwa anakikanyaga, siku thelathini na saba alitembea kule juu juu ya kivuli chake mwenyewe, kwa upande mmoja wa mguu, na yeye ananiangalia nikiliwaza hilo, analiangalia likipita usoni mwangu kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayeiona treni anayoifahamu, saa yake, mabehewa yake, na kumbe hilo pia anajua, amelala nalo, ameliamkia, akafuma slipa nyingine na kuzivaa, na kidole bado kimo, kinapiga, dum, dum, na Krum kule kati amesahau kubonyeza, taa nyekundu ya mashine bado inawaka, na kule juu hakuna mlio, hakuna kitu kabisa, na nataka kusema nisamehe, nisamehe, shemeji, nilikuwa natania, nafungua mdomo, na Nevena ananishika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili ya kupigia pasi, anakanyaga ukuta kwa mguu mmoja tayari kuvuta, na anasema,

"Hakufunga mkanda, Dobri. Basi."